Uzoefu wangu na lezi ndogo ya mbao: kutoka kasha la bibi mpaka kete za chesi

Nimekaa na hii mashine muda wa kutosha kuisema bila kuionea. Ni ile lezi ndogo ya kichina ya kuweka juu ya meza (lezi ni mashine inayozungusha mbao huku wewe unaikereza kwa patasi), mota ya wati 370 yaani nusu hosipawa, zinauzwa kwa majina na rangi tofauti ila ukizifungua ndani ni ndugu wa tumbo moja, kwahiyo jina la yangu halina maana sana hapa na duka pia nitaliacha.

Mi sio seremala, naganda ofisini kutwa na ufundi ni wa jumamosi na jioni tu. Na ushauri wangu mkubwa nautoa mapema kabisa: usianze na lezi. Anza na sanduku bovu. Mi nilianza na kasha la bibi, lile la Kizanzibari la msaji lenye njugu za shaba ya njano usoni, shubaka dogo ndani pembeni na droo tatu chini, lilikuwa limekaa stoo miaka mpaka mchwa wakala kitako na bawaba moja ikawa inaning'inia. Nikalipeleka Keko, kule kwa mafundi samani wa Dar, kwa fundi mmoja mzee, nikamwomba asinitengenezee, anifundishe tu nimlipe muda wake. Akacheka ila akakubali.

Huyo mzee thamani yake ni kubwa kuliko mashine yenyewe, nasema ukweli. Siku ya kwanza nimeenda na mashine ya msasa nimeazima kwa jirani, akaiangalia akaniambia "kijana wangu, ukiondoa hiyo rangi ya uzee unabaki na mbao tu, na mbao zipo tele hapa Keko." Basi ikawa ni kitambaa, spirit kidogo, na subira. Kitako tukabadilisha kwa mbao za msaji wa zamani, matundu ya skrubu yaliyolegea tukayajaza vijiti vyembamba na gundi ndo tukarudisha bawaba, droo zilizokuwa zinakwama tukazipaka mshumaa kwenye reli, shaba tukaisugua kwa ukwaju na tukasuuza vizuri maana ile tindikali ukiiacha inaendelea kula. Mwisho shelaki iliyoyeyushwa kwenye spirit, koti jembamba jembamba kwa kitambaa, hapo unaona msaji unarudi kuwa na uhai. Na kabla ya yote hayo alinikalisha nanoa patasi tu. Nilichukia sana, ila patasi butu kwenye lezi ni hatari, kwahiyo ile adhabu ilikuja kunilipa.

Sasa lezi imeingiaje? Droo zile vishikio viwili havikuwepo. Ukienda kwa wale jamaa wenye lezi kubwa wanaokereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, kishikio cha size ya ndimu hawana hamu nacho kabisa, wanasema hata kuwasha mashine ni hasara. Nikaamua nanunua ndogo yangu.

Uzuri wake: ni nzito, bodi ni ya chuma haswa sio bati, ikikaa kwenye meza imara haitetemeki. Spidi zinabadilishwa kwa kuhamisha belti kwenye puli, yangu inaanza 750 mpaka karibia 3,200 kwa dakika, na kwa vitu vyembamba kama vishikio na kete hizo zinatosha kabisa. Haina kelele kubwa, nyumba ya kupanga majirani hawajawahi kugonga mlango (vumbi je? hilo tutafika).

Ubaya wake upo na sio mdogo. Patasi zinazokuja nazo kwenye boksi ni chuma laini, unanoa unakata kidogo unanoa tena, nimezigeuza za kufungulia makopo ya rangi nikanunua za hai-spidi (chuma kigumu kinachotunza makali) mbili tu, moja ya mviringo na moja ya ncha mshazari. Kiegemeo cha patasi kimekuja na mikwaruzo, ikabidi nikipitishe tupa mpaka patasi iteleze vizuri. Ncha mbili zinazobana mbao, ya mbele na ya nyuma, zilipishana kidogo sana, unalegeza unasukuma unakaza mpaka zinagusana pua. Na chaki, yaani ile taya ya kushikia mbao kwenye mashine, haimo kwenye boksi! Hapa wengi wanaumia: ya kwangu ina uzi wa inchi moja, meno 8 kwa inchi, wakati chaki nyingi nilizozikuta madukani zilikuwa za M33, yaani uzi wa milimita 33, hazifungi hata ufanyeje. Muuzaji ukimuuliza anakwambia "zinaingia zote hizo boss". Haziingii zote.

Vishikio vilitoka vizuri, bibi akaona akasema haya sasa tengeneza kitu cha maana. Ndo nikaingia kwenye chesi.

Niwaambie kitu, kete za chesi ni shule kamili ya kukereza. Umbo lile tunalolijua wote, la Staunton, limekuwepo tangu 1849 na vipimo vya mashindano vya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, vinajulikana: mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5, askari 5, na kitako kiwe kati ya asilimia 40 na 50 ya urefu. Kwahiyo hubuni chochote, unafuata tu, na kosa linaonekana hapohapo. Askari ni 16, na kutengeneza mmoja ni rahisi, shida ni wa pili kufanana na wa kwanza. Dawa ni kipande cha plaiwudi chembamba unakichora alama zote, shingo hapa, kola hapa, unaziweka penseli mbao ikizunguka, halafu kalipa (kifaa cha kupimia unene) unaisetia kipimo kimoja unapita nacho kwa wote kabla ya kwenda kipimo kingine. Usimalize askari mmoja mmoja.

Nyeusi nimetumia mpingo, masalia ya wachonga vinyago pale Mwenge, Dar, vipande ambavyo kwao ni vidogo kwa kinyago ila kwa askofu ni vikubwa. Jamani mpingo. Ukiutupa kwenye maji unazama, ndo huohuo wanaotengenezea klarineti na oboe, na ukiukata na patasi kali unatoka unang'aa wenyewe msasa hauna kazi. Lakini unamaliza makali haraka balaa, na mota ya nusu hosipawa ukiulazimisha inasimama, belti inanuka. Unakata kidogo kidogo. Ukitaka haraka chukua mninga.

Nyeupe nimetumia mchungwa uliokatwa kwa shangazi Muheza, mbao yake ni ya njano njano, ngumu na haina nyuzi za kukera. Tuliupaka rangi miisho na kuukausha kivulini, la sivyo unapasuka. Tatizo ni mwepesi kuliko mpingo, ukishika mfalme mweusi na mweupe unasikia tofauti, kwahiyo weupe natoboa kitako nashindilia risasi za mshipi wa kuvulia na gundi, halafu kitambaa laini chini kwa wote.

Farasi lezi haikusaidii zaidi ya kitako. Kichwa ni cha kuchonga kwa mkono, na mi vichwa vinne nimempa mchongaji wa Mwenge, sina haya, katoa farasi wenye mashavu ya kutosha.

Vumbi sasa. La mpingo linawasha ngozi na kifua, na la mvule nalo hivyohivyo, barakoa za kitambaa za kipindi cha korona hazitoshi, nunua ile ya kichujio. Miwani lazima. Mikono mirefu kunja, glavu usivae kabisa kwenye lezi, ikishikwa inaondoka na vidole.

Kwa ujumla naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa vishikio, kete, mipini ya tupa, safi sana. Kwa mabakuli makubwa usijisumbue, ile 750 bado ni kasi mno kwa gogo lisilo na mizani. Na bajeti usiipige kwa bei ya mashine tu, weka chaki, patasi mbili nzuri na grainda ya kunolea, maana hivyo vikijumlishwa kwangu vimekaribia bei ya lezi yenyewe.

Ukienda kununua, soma kibati cha mota iandikwe volti 220 mpaka 240, maana kuna za mtumba kutoka Marekani za 110. Waambie waiwashe mbele yako kwa spidi kubwa, shika bodi ujue kwa mkono kama inatetemeka. Pima uzi kabla hujalipia chaki. Wakikataa kuiwasha, nenda duka linalofuata.