Uzoefu wangu: kufufua Yamaha YZ125 ya 1980 kwa mafundi wa Nairobi

Ninaloulizwa zaidi ni kama kazi hii inawezekana hapa Nairobi, au ukishanunua pikipiki ya motokrosi ya miaka ile umejinunulia pambo la stoo. Inawezekana. Yangu nimeifufulia nyuma ya nyumba, Buruburu, na injini yake sasa inawaka kwa teke la pili. Ninayoandika hapa ni tathmini ya huduma nilizopata: nani alinifaa, nani hakunifaa, na kipi usithubutu kubahatisha.

Ni YZ125 G, ya mwisho kupozwa kwa hewa kabla Yamaha hawajaiwekea redieta mwaka 1981. Kipenyo cha silinda ni milimita 56, mwendo wa pistoni 50, hivyo unapata cc 123. Niliikuta Lang'ata, kwenye banda, na mwenyewe aliniambia iliwahi kukimbia kwenye uwanja wa mbio wa Jamhuri enzi zake.

Msimamo wangu ni huu: kinachozunguka au kusuguana ndani ya injini, agiza nje. Mengine yote achia mafundi wetu. Pistoni, ringi, konrodi, gasketi na oili sili za kranki niliagiza Uingereza, ambako kuna watu wanaoishi kwa kuuza vipuri vya motokrosi za kale. Usafirishaji na ushuru vilikaribia bei ya pistoni yenyewe, na bado ningelipa tena. Maduka ya Kirinyaga Road yamejaa vipuri vya Boxer na TVS, ambazo ni injini za mipigo minne ilhali YZ ni ya mipigo miwili, kwa hiyo usitarajie muujiza huko. Beringi za magurudumu ndizo nilizipata hapo bila shida, maana beringi husomwa namba: zangu zilikuwa 6202, yaani milimita 15 kwa 35 kwa 11, na namba hiyo ni ile ile dunia nzima. Beringi za kranki lazima ziwe na alama ya C3, zenye nafasi zaidi ya kutanuka zikipata moto.

Sasa silinda, na hapa naomba usome polepole. Karakana ya kwanza niliyoiendea, kubwa na yenye mashine nzuri, hufanya injini za pikapu na matatu. Walichonga vizuri, saizi sahihi kwa pistoni niliyowaachia, lakini wakanirudishia silinda ikiwa na kingo kali kwenye matundu yote. Silinda ya gari ni ukuta mtupu. Ya mipigo miwili ina matundu ukutani, ya kuingiza mchanganyiko na ya kutoa moshi, na ringi hupita juu yake maelfu ya mara kwa dakika. Kucha yangu ilinasa ukingoni mwa tundu la moshi. Kama kucha inanasa, ringi itanasa pia, ivunjike, na vipande viile pistoni mpya. Nilipowauliza, wakasema hiyo si kazi yao.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries mwenye mashine ya kerezo ya zamani. Aliiinua silinda kwenye mwanga, akachungulia, akaniuliza:

"Kijana, hii ni ya mbio?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hii hatutumii mashine."

Akachukua tupa ndogo ya mviringo, kisha msasa, akazunguka kila tundu kwa mkono, akifuta na kupapasa kwa kidole, tundu moja baada ya jingine. Kranki pia aliipresi na kuinyoosha yeye, akiipima kwa geji hadi mshale ukawa hauchezi kwa kuonekana. Fundi wa namna hii ukimpata, mlipe anachotaja.

Kabla ya kuwasha injini, pima kama inavuja hewa. Wengi hulipuuza jambo hili na ndilo linaloua pistoni. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Hewa ya ziada ikipenya mahali, petroli inakuwa haba, na oili nayo. Joto linapanda na pistoni inagandamana na silinda. Sili ya kranki ya kushoto, upande wa magneto inayozalisha umeme wa plagi, ikichoka huvuta hewa hivyo. Ya kulia huvuta oili ya giabox, na utaona moshi mweupe usiokwisha.

Kifaa cha kupimia nilikipata kwenye duka la dawa: mashine ya presha ya kupampu kwa mkono, ile ya daktari. Mshale wake ukifika 300 una takriban psi 5.8, na hicho ndicho kiasi kinachotakiwa. Niliziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu na bati lililokazwa kwa bolti, nikaunganisha mpira wa pampu mahali pa kabureta, nikajaza. Mshale ukashuka taratibu. Nilipopaka maji ya sabuni, povu likachomoza chini ya silinda, upande wa nyuma. Nikabadilisha gasketi ile, nikajaza tena, na safari hii mshale ulisimama dakika nyingi bila kutikisika. Kifaa hiki nakipa alama zote.

Shokomzoba ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Nyuma Yamaha hizi zina moja tu, ndefu, iliyolala chini ya tangi. Wazo hilo ni la Lucien Tilkens, Mbelgiji, na Håkan Andersson alilitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa 250cc mwaka 1973. Ndani kuna oili na gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa kuliko wa tairi, hivyo naitrojeni ya kituo cha petroli haitoshi. Aliyeniokoa ni fundi wa friji na AC. Hao huwa na mitungi ya naitrojeni na regyuleta ya kuitoa kwa kipimo, na kazi ilichukua muda mfupi mno. Jirani yake wa kuchomelea alijitolea kutumia oksijeni. Kataa kabisa, hata ukiambiwa ni bure: oksijeni iliyobanwa pamoja na oili hulipuka.

Pawda koti ya fremu, yaani rangi ya unga inayookwa, ilikuwa nzuri machoni, ila hawakuziba nyuzi za bolti na ilinibidi kuzisafisha moja moja. Waambie mapema. Spoki za boda ni fupi kwa rimu ya inchi 21, kwa hiyo hizo pia niliagiza. Kunyoosha gurudumu nilimpa fundi wa baiskeli, na sina la kulalamika.

Kabureta ya Mikuni ilihitaji jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, ndogo zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jeti ya kiwandani hapa humwaga petroli kupita kiasi. Plagi ilitoka nyeusi na imelowa. Nilishuka saizi moja moja hadi plagi ikawa na rangi ya kahawa. Ukiipeleka Mombasa, rudisha jeti kubwa kwanza. Oili nachanganya moja kwa 32, yaani mililita 156 kwa lita tano za petroli, na nanunua yenye alama ya JASO FD, kiwango cha Kijapani cha oili za mipigo miwili.

Kiti kilishonwa na fundi wa viti vya matatu. Nilimpeleka sponji mpya na ngozi kuukuu aifuate kama ramani, akaniambia ya rangi nyeusi anayo ngumu zaidi, ile anayowawekea makondakta mlangoni. Imeshapigwa matope ya Jamhuri na kuoshwa kwa mashine ya presha, na hakuna uzi uliofumuka.