Grainda ya espreso ya nyumbani: ipi inakupa dozi ileile kila siku? Nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Wengi wakitafuta grainda ya espreso, yaani mashine ya kusagia kahawa, wanauliza meno yake ni milimita ngapi, kelele zake zikoje, rangi zipo ngapi, alafu swali la maana kuliko yote wanakutana nalo wameshanunua: nikisaga gramu 18 leo na kesho na keshokutwa, ni kweli nitapata gramu 18 zilezile kwenye kichujio? Na hizo gramu 18 ni kahawa ya leo au imechanganyika na ya jana? Mpangilio huu nimeufanya kwa hilo tu. Mambo ya ladha ya meno bapa na meno ya koni ni mjadala mwingine, una siku yake.

Kwanza tuelewane kwa nini gramu moja inasumbua hivi. Ukizidisha kahawa kutoka 18 kwenda 19 kwenye kichujio kilekile, tabaka linakuwa nene, maji yanapata shida zaidi kupita na shoti, yaani espreso ya kikombe kimoja, inachelewa kutoka kwa sekunde kadhaa. Ukipunguza inakimbia. Sasa mtu akiona shoti imechelewa anafikiri kasaga laini sana, anafungua meno ya grainda kidogo ili isage nene, kesho dozi ikija pungufu shoti inamwagika kama bomba, anakaza tena, yaani anazunguka wiki nzima anarekebisha kitu ambacho hakikuwa na kosa. Dozi ikitulia, kila badiliko unaloona kwenye shoti linatokana na ulichokigusa kweli.

Kuna jambo lingine ambalo matangazo hayalisemi vizuri. Ukiweka gramu 18 za punje na zikatoka 18 za unga, haimaanishi grainda haibakizi kitu. Inaweza kuwa na gramu 2 zimejificha kwenye njia ya unga, na kila unaposaga zinatoka baadhi ya zile za zamani na mahali pake zinakaa mpya. Hesabu inalingana, mizani inafurahi, lakini ndani ya kikombe kuna kahawa iliyolala. Kulijua hili ni rahisi: isafishe grainda mpaka iwe tupu kabisa, pima punje, saga, pima unga uliotoka. Pengo la hiyo dozi ya kwanza ndo ghala lake la siri. Likiwa gramu moja au mbili ujue unakunywa mchanganyiko kila asubuhi, hata kama dozi ya pili na ya tatu zinatoka sawasawa.

Haya, tuanze.

Namba moja naziweka grainda za dozi moja, zile unazopima punje za shoti moja tu, unamimina, unasaga zote zinaisha. Niche Zero yenye meno ya koni ya milimita 63 na DF64 yenye meno bapa ya milimita 64 ndo zinazotajwa sana, na kwa haki kabisa. Siri yake ni kwamba hazijaribu kukisia chochote: kazi ya kupima inafanywa na mizani yako kabla ya kusaga, kwahiyo grainda inabaki na kazi moja tu ya kutoa chote ilichopewa. Njia ya unga ni fupi, na nyingine kama DF64 zina mvukuto juu wa kubonyeza ili upepo usukume kilichobaki. Ukiwa na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, tofauti ya dozi na dozi inakuwa ndogo kiasi kwamba haina haja ya kuisumbukia. Na ukipenda kubadilisha kahawa, asubuhi hii moja, jioni nyingine, hapa hakuna mpinzani kabisa.

Mapungufu yapo. Kupima kila mara kunachosha kama nyumba ina wanywaji wengi. Punje za mwisho zikikosa uzito wa wenzao juu yake zinarukaruka kabla ya kuingia kwenye meno, ndo maana usaguaji unachelewa pale mwishoni. Alafu kuna umeme tuli, unga unarukia pembeni na kung'ang'ania kwenye kuta, hasa hewa ikiwa kavu. Dawa yake ni tone la maji: lowesha kijiti, koroga punje nacho, au nyunyizia maji mara moja juu yake kabla ya kusaga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha mwaka 2023 kwenye jarida la Matter kwamba unyevu kidogo kwenye punje kweli unapunguza umeme huo na mabonge. Ila ifanye kwa punje unazosaga hapohapo, usimwagie maji kwenye hopa (kile chombo cha juu cha kuwekea punje) iliyojaa, hizo punje zitakaa na unyevu bure na meno ya chuma hayatakushukuru.

Namba mbili, na najua kuna watakaobisha, naweka grainda za mkono zenye uwezo wa espreso. Kwa dozi peke yake zinakaa bega kwa bega na namba moja: unapima, unamimina, unazungusha, inatoka, kinachobaki ndani unaweza kukiona na kukigonga kikatoka. Hakuna njia ndefu ya unga, hakuna mota. Kilichonifanya nisiiweke ya kwanza ni mkono wenyewe, maana punje zilizokaangwa kidogo ni ngumu kweli na shoti nne mfululizo ni mazoezi. Hapa angalia sana ukubwa wa hatua za kurekebisha. 1Zpresso J-Ultra inasogea mikroni 8 kwa kila hatua, wakati Comandante C40 bila kifaa chake cha nyongeza inasogea karibu mikroni 30, ambayo kwa kahawa ya kuchuja inatosha sana lakini kwa espreso unaweza kukuta hatua moja shoti inakimbia, hatua inayofuata imeziba. Mwenye mfuko mdogo anayekunywa shoti moja au mbili kwa siku, ningemwambia anunue hii na abaki na hela ya mizani nzuri.

Namba tatu ni grainda zenye mizani ndani yake. Unaweka potafilta (kile kishikio kinachobeba kichujio), unachagua gramu 18, inasaga na kujizima yenyewe. Baratza Sette 270Wi na Eureka Mignon Libra zinafanya hivi. Zikiwa zimetulia ni raha kubwa, na nyumba ya watu wanne watano wanaokunywa kahawa ileile kila asubuhi mimi ningewaambia wairuke namba moja na mbili waje hapa moja kwa moja, kwasababu hakuna mtu atapima punje mara tano huku amechelewa kazini. Inachofanya kwa akili ni kuzima kabla haijafika gramu ulizochagua, maana kuna unga bado uko hewani unashuka, na inajirekebisha kwa kuangalia dozi zilizopita. Inaposumbuka ni pale bonge linapodondoka baada ya mota kuzima, au meza inapotikisika, au umebadilisha potafilta ukasahau kuirudisha mizani kwenye sifuri. Na kumbuka lile ghala la siri: mizani inajua uzito, haijui umri. Kama imelala usiku kucha, unga wa kwanza wa asubuhi ni wa jana, kwahiyo saga gramu mbili tatu uzimwage kabla ya kuanza. Kuna wanaoona uchungu kumwaga, nawaelewa, lakini ni gramu chache.

Namba nne ni za taima, kama Eureka Mignon Specialita na Breville Smart Grinder Pro, ambayo sehemu nyingine inauzwa kwa jina la Sage. Hizi ziko kwenye nyumba nyingi sana na sio mbaya, ila lazima uelewe kwamba taima inapima muda, haipimi kahawa. Tuseme inatoa gramu 1.8 kwa sekunde, basi sekunde 10 ni gramu 18. Ukikaza usage laini zaidi kasi ikashuka mpaka gramu 1.6, sekunde zilezile 10 zinakupa gramu 16. Umegusa kitu kimoja vimebadilika viwili! Hapo ndo wengi wanapotea. Kila ukigusa meno, pima upya muda. Kila ukifungua mfuko mpya, pima upya, kwasababu punje zilizokaangwa sana ni nyepesi na zinavunjika kirahisi, haziteremki sawa na za kukaangwa kidogo. Na hopa usiiache ifike chini, maana uzito wa punje za juu ndo unaosukuma za chini, ukipungua na dozi inapungua. Ukiizoea na kuijazia mara kwa mara utaishi nayo vizuri, lakini bado weka potafilta kwenye mizani ukimaliza kusaga, ongeza au toa kidogo.

Nne na nusu hivi, sijui hata niipe namba gani, ni zile mashine za espreso zenye grainda ndani kwa ndani kama Breville Barista Express. Ni za taima pia, na zinakuja na kisu cha kukwangua unga unaozidi juu ya kichujio. Kukwangua kunasawazisha kimo, sio uzito. Saga laini zaidi au badilisha kahawa na kimo kilekile kitabeba gramu tofauti. Pima tu.

Mwisho kabisa ni za doza, zile zenye chemba ya duara mbele na kivuto pembeni. Mazzer Super Jolly iliyotoka mgahawani, Rancilio Rocky toleo la doza na kadhalika. Chuma chake ni kigumu na meno ni mazuri sana, Super Jolly ni milimita 64. Lakini doza inagawa unga kwa vyumba vidogo vya hiyo chemba, na vyumba vinatoa kiasi sawa pale chemba ikiwa imejaa unga, kitu chenye maana mgahawani ambako inaisha upesi, nyumbani huo unga unakaa unachacha. Ukiipata kwa bei nzuri inunue kwa ajili ya meno, alafu itumie kama ya dozi moja: toa hopa, pima punje, vuta kivuto mpaka chemba iwe tupu, pitisha brashi. Ni kazi, lakini kahawa itakayotoka inaweza kukushangaza.

Yoyote utakayochagua, kama ni ya mtumba nenda na mizani na punje zako. Muombe muuzaji usage dozi tano mfululizo, andika kila moja, usitafute wastani, angalia kubwa na ndogo zaidi zimepishana kiasi gani. Kwa dozi moja au ya mkono, ikipishana zaidi ya nusu gramu kuna unga umekwama au kitu kimelegea, fungua uangalie meno. Kwa taima, nusu gramu ni kawaida, ikifika gramu moja na hopa imejaa, muombe apunguze bei au achana nayo. Na kabla hamjaanza mwambie aigonge na kuifuta mpaka itoe kila kitu, ili ile dozi ya kwanza ikuonyeshe inaficha gramu ngapi.