Tamthilia za Kichina kwa sikio la Mswahili: ipi inalipa, ipi inakula muda

Watazamaji wengi wa Tanzania walianzia kwa Doudou na mama wakwe zake, tamthilia iliyorushwa na TBC mwaka 2011 ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilivuma hadi Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam, Machi 2013. Haishangazi. Mke kijana, mume aliyebanwa katikati, mama mkwe mwenye neno juu ya kila sufuria: nani asiyeyajua hayo? Ila wengi waliishia hapo, au wakarukia filamu za ngumi wakidhani Wachina hawana jingine.

Kwa anayetaka kuonja kitu kizito bila kujifunga miezi miwili, ya kwanza kuitafuta ni The Long Season (2023), vipindi 12 tu, ya mwongozaji Xin Shuang. Dereva wa zamani wa treni ya kiwandani, sasa dereva wa teksi, anafukua mauaji ya miaka mingi nyuma. Fan Wei anaigiza mzee huyo kwa namna inayochekesha na kuuma kwa pamoja. Kinachowapoteza watu ni wakati: hadithi inaruka kati ya 1997, 1998 na 2016 bila kukushika mkono. Tazama nywele na mavazi kabla ya kusikiliza maneno, na usiiangalie huku unachezea simu. Kingine kinachopotea ni lafudhi ya kaskazini-mashariki ya China, ambayo kwa Wachina wenyewe ni ya vichekesho. Hakuna tafsiri itakayokupa hiyo.

Ya kasri ni jambo jingine kabisa. Zhen Huan Zhuan, inayojulikana kimataifa kama Empresses in the Palace (2011), ina vipindi 76 vya takriban dakika 45, yaani saa 57 hivi. Vituo vya China hununua tamthilia kwa idadi ya vipindi, ndiyo maana nyingi zilijazwa maji. Mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji huko ilitaka zisizidi 40. Hii haina maji mengi, ila vipindi vya mwanzo, pale bibie anapojifanya mgonjwa ili asiitwe na mfalme, ndivyo vinavyowakimbiza watu. Vumilia. Usidanganyike na toleo lililokatwa kwa soko la Marekani likawa sehemu 6 za dakika 90. Fitina ni kama mchuzi wa nazi: ukikosa kuuona ukichemka taratibu, utaona umekatika tu.

Andika madaraja haya ya wake wa mfalme kwenye karatasi, kutoka chini kwenda juu: daying, changzai, guiren, pin, fei, guifei. Tafsiri ikiwaita wote “suria”, hutaelewa kwa nini mtu anapiga magoti leo kwa aliyempigia magoti jana. Masikio nayo yasaidie: mke anayeanza kujiita bengong ameshafika daraja la kuwa mkuu wa jumba lake.

Kuhusu tafsiri, hapa Kiswahili kina bahati ambayo wafasiri huichezea. Kichina kina bobo, kaka wa baba. Shushu, mdogo wa baba. Jiujiu, kaka wa mama. Na gugu, dada wa baba. Sisi tuna baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na shangazi, kila mmoja mahali pake. Tafsiri ikipitia Kiingereza, hao wanaume watatu wanatiwa kapu moja, kisha wanatoka wote wakiwa wajomba. Ukimkuta “mjomba” anagombea mali ya babu mzaa baba, ujue ukoo umevurugwa njiani. Vivyo hivyo, ta (yeye) ya Kichina kinachosemwa haielezi kama ni mwanamume au mwanamke, kama “ameua” yetu. Katika hadithi ya upelelezi hiyo ni mali, kwa sababu Kiingereza hulazimika kuchagua, na kinaweza kufichua muuaji mapema.

Midomo kutolingana na sauti msiwalaumu waigizaji wa Kiswahili peke yao. Bu xing ni silabi mbili, “haiwezekani” ni sita. Lazima mtu aharakishe au achague “haifai”. Na hata sauti ya Kichina mara nyingi imewekwa baadaye studio: Sun Li, aliyeigiza Zhen Huan, anasikika kwa sauti ya Ji Guanlin.

Tamthilia fupi za simu, za dakika moja au mbili kwa kipindi? Vipindi vya mwanzo bure, kisha sarafu, sarafu, sarafu. Piga hesabu ya vyote vilivyobaki kabla ya kulipia hata kimoja.

Kwa filamu, Infernal Affairs ya Hong Kong (2002) bado haijapitwa: polisi ndani ya genge, jambazi ndani ya polisi, dakika 101. Isikupate kwa toleo la DJ anayesimulia juu ya picha. Kwenye ngumi anakoleza, hapa anaua ukimya unaobeba filamu nzima. Chagua sauti ya Kikantoni, lugha ya Hong Kong, si Kimandarini cha China Bara. Halafu ina miisho miwili. Samahani kwa kumwaga mtama: ukiona jambazi anakamatwa mwishoni, umepewa ule uliotengenezwa kwa soko la China Bara. Tafuta wa Hong Kong, ambao hakuna anayemvisha pingu.