Nimelipia ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, nimeletewa jiwe la barafu

Wakala ninayemzungumzia yupo Dar es Salaam na anahudumia maabara za huku kaskazini. Jina lake siliweki hapa. Maabara zinazoagiza kingamwili (protini zinazonasa kitu kimoja maalumu) na protini nyingine za utafiti kati ya Moshi na Arusha si nyingi, kwa hiyo wengi wenu mtamtambua kwa maelezo tu. Nampa nyota moja, na hiyo moja ni ya kiwanda kilichotengeneza mzigo, si yake.

Mzigo ulikuwa na vitu vitatu. Kingamwili ya panya dhidi ya CD4 ya binadamu (alama iliyo juu ya baadhi ya seli nyeupe za damu), kloni SK3, iliyofungwa rangi inayong'aa ya PE kwa ajili ya flosaitometa, mashine inayosoma seli moja moja kwa leza. Kingamwili ya pili ya mbuzi dhidi ya IgG ya panya, iliyofungwa kimeng'enya cha HRP, kwa kazi ya ELISA, kipimo cha sahani yenye visima kinachosomwa kwa rangi. Cha tatu ni protini ya interferoni gama ya unga mkavu, ya kutengenezea viwango vya kupimia kwenye ELISA hiyo hiyo. Kila kichupa kina lebo inayosema kinataka nini. Kwenye oda tuliandika, profoma (ankara ya awali) ikarudi imeandikwa, na usafirishaji wa mnyororo baridi wa nyuzi 2 hadi 8 ukawekewa mstari wake na bei yake. Tukalipa.

Boksi likaja Moshi kwenye buti la basi, limezungushiwa gundi ya plastiki pande zote. Ndani, vichupa vyote vitatu vimefukiwa kwenye barafu kavu, na vipande vya barafu vilikuwa bado vipo. Ukiinamisha kichupa cha PE, kilichomo hakitembei. Jiwe.

Kuna watu watasoma hapa na kusema baridi ikizidi si ndiyo vizuri, protini zinakaa salama. Hapana. Barafu kavu iko kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. PE yenyewe, fikoerithrini, ni protini ya mwani mwekundu yenye uzito wa daltoni 240,000 hivi, wakati kingamwili ya IgG ina 150,000. Yaani hiyo mnayoiita rangi ni kubwa kuliko kingamwili iliyoibeba, na mwanga wake unategemea mikunjo yake ikae kama ilivyo. Maji yakianza kuganda, chumvi na protini vinasukumwa kwenye matone machache yaliyobaki, vinabanana humo. Kama bafa, yaani kimiminika kinachotuliza pH, ni ya fosfati ya sodiamu, chumvi yake moja inatangulia kuwa fuwele na pH inaporomoka. Mikunjo inalegea, protini zinashikana madonge. Ukija kuyeyusha, madonge hayaachani. Juu ya hapo, barafu kavu inatoa kaboni dayoksaidi, na kifuniko kisipobana sawasawa gesi inaingia ndani na kuongeza asidi kwenye kimiminika. Ndiyo maana lebo inasema usigandishe, kwa herufi nene.

Na tusisahau lile boksi lenyewe. Barafu kavu haiwi maji, inakuwa gesi moja kwa moja, na gesi isipopata pa kutokea boksi linaweza kupasuka. Kwenye ndege mzigo wa namna hii unabandikwa alama ya UN 1845 na lazima uachiwe nafasi ya kupumua. Hawa wameuziba kwa gundi, bila alama yoyote, wakaupakia kwenye basi la abiria kwa safari ya zaidi ya kilomita 500. Mpakiaji akilifungua boksi na kushika kile kipande kwa mkono mtupu, ngozi inaungua.

Sasa simu. Kaka wa dawati la oda alinijibu hivi: "Dada, tumekuwekea barafu ya gharama kuliko uliyolipia, sasa unalalamika nini?" Nikamsomea lebo. Akasema labda ni loti (toleo la kiwandani) imebadilika, kiwandani huwa wanabadilisha. Nikamwambia sijazungumzia matokeo bado, nazungumzia kichupa kimeganda. Akamalizia: "Wateja wa Dar wanapokea hivyo hivyo na hawasemi kitu. Nyie wa mikoani mnasumbua sana." Simu ikakatwa.

Hilo la loti nalishika, kwa sababu ni jibu linalompumbaza mteja asiyejua. Kingamwili ya kloni moja inatoka kwenye ukoo mmoja wa seli. Tangu Köhler na Milstein walipoonyesha njia hiyo mwaka 1975, faida yake kuu ni hiyo: loti ya leo na ya mwaka ujao zinashika mahali pale pale kwa nguvu ile ile. Tofauti ndogo ya mwangaza kati ya loti ipo, kwa sababu idadi ya PE zinazofungwa hailingani sawasawa kila mara. Lakini tofauti hiyo haimpotezei mtu kundi zima la seli.

Tulipima, tena kwa namna ambayo mtu hawezi kubisha. Damu ya mtu mmoja, mikrolita 100 kwa kila tyubu, mikrolita 5 za kingamwili ya kichupa cha zamani upande mmoja na 5 za kichupa kipya upande wa pili, dakika 20 gizani, kuvunja seli nyekundu, kuosha, kusoma kwa mipangilio ile ile ya leza na vipokea mwanga. Kichupa cha zamani kilitoa limfositi zenye CD4 zikiwa mbali kabisa na zisizo nayo, na katikati yake monositi, ambazo CD4 yake huwa hafifu. Kichupa kipya kilileta limfositi zilizosogea kushoto kwenye mchoro, yaani mwanga umepungua, zisizo na CD4 zimesogea kulia kwa sababu madonge yanajinatia popote, na monositi zimemezwa humo katikati, huwezi kuchora mpaka. Anayehesabu CD4 kwa kichupa hicho atapata namba, mashine haitamkatalia. Namba ya uongo.

Mtu atauliza kama kinaokoleka. Ukizungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g dakika 5 na kuchota juu bila kugusa chini, madonge makubwa yanabaki na ule uchafu wa kulia unapungua. Mwangaza haurudi. PE iliyokufa imekufa.

HRP ndiyo inadanganya zaidi. Tone lake dogo ukilitia kwenye TMB, kimiminika cha kuonyesha rangi, linabadilika kuwa bluu papo hapo, ukasema kizima. Sasa weka kwenye sahani ya ELISA kwa mfululizo wa kuzimua, 1 kwa 5,000, 1 kwa 10,000, 1 kwa 20,000. Usomaji wa nanomita 450 tuliokuwa tunaupata kwa 1 kwa 20,000 sasa tunaupata kwa 1 kwa 5,000. Kichupa kinaisha mara nne haraka zaidi, na kadiri unavyoongeza kingamwili ya pili ndivyo visima visivyo na sampuli vinavyopanda rangi. (Anayetaka kujaribu hili asitumie bafa yenye azidi ya sodiamu, inakiua kimeng'enya hicho na utalaumu usafiri bure.) Kama wangetaka ikae kwenye friza salama, ingekuwa ndani ya gliseroli asilimia 50, ambayo kwa nyuzi 20 chini ya sifuri inabaki kimiminika. Hii haikuwa nayo. Lebo ilisema hivyo pia.

Kwa haki niseme la protini. Interferoni gama ilifika nzima na ni nzuri, nzuri sana. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla ya kufungua, maana unga wenyewe ni utando tu usioonekana na mara nyingi umepanda kwenye kifuniko. Weka maji safi kwa kipimo cha karatasi ya loti, usitikise, acha dakika 15 utando ujilowee wenyewe. Baada ya hapo punguza kwa bafa yenye BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 0.1, kwa sababu protini ikiwa nyembamba inajinatia kwenye plastiki ya tyubu na unabaki unapima maji. Gawa kwenye tyubu ndogo ndogo za matumizi ya mara moja, na usiziweke kwenye friza inayojiyeyushia barafu yenyewe, zile za majumbani, maana kila inapojipasha zinayeyuka kidogo na kuganda tena. Viwango vyetu vilikaa kwenye mstari vizuri, visima pacha vikilingana. Nilipoona hivyo nilikaribia kupandisha hadi nyota tatu.

Halafu nikakumbuka kwamba unga mkavu ndicho kitu pekee humo ndani ambacho hakikuhitaji barafu kavu. Kingeweza kusafiri siku hizo bila hata pakiti moja. Yaani waliweza kukilinda kile kisichohitaji ulinzi, na kuviharibu viwili vilivyolipiwa. Nyota ikarudi moja.

Na usiniambie ujuzi haupo. Nenda kliniki yoyote ya mama na mtoto, Himo, Usa River, popote, muulize muuguzi wa chanjo. Atakwambia penta na homa ya ini B hazigandishwi, kwamba pakiti ya barafu ikitoka kwenye friza inaachwa nje hadi ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo inapangwa kwenye kibebeo. Hicho ndicho nilichokilipia. Pakiti za jeli zilizotulizwa namna hiyo, kadibodi katikati ili kichupa kisiguse jeli, kifaa kidogo cha kurekodi joto ndani. Asubuhi kwenye ndege Dar hadi KIA, au usiku kwenye basi ukitaka kuokoa, kwa sababu mchana Korogwe hadi Same joto halina huruma. Hakuna kati ya hayo kinachoshinda bei ya kichupa kimoja cha PE.

Kwa mnaoagiza bado: fungueni boksi mbele ya aliyeleta, piga picha vichupa vikiwa vimeinamishwa pamoja na namba ya loti, na andikeni hali mliyoikuta kwenye hati ya kupokelea kabla ya saini. Aliyeleta wetu alikuwa anatuharakisha tusaini kabla ya kufungua boksi. Hatukukubali, tukaandika "imefika imeganda", na mstari huo ndio uliotusaidia. Kiwanda tulikiandikia moja kwa moja, wakaomba picha, namba za loti na michoro ya flosaitometa, wakajibu kistaarabu na kukubali kutoa PE na HRP nyingine bila malipo. Kwa hiyo bidhaa naipendekeza, tena kwa moyo wote, na kloni hiyo tutaendelea nayo.

Wakala naye, baada ya kiwanda kukubali, ametuletea ankara mpya ya usafirishaji wa mnyororo baridi kwa vichupa hivyo viwili vya fidia. Nyuzi 2 hadi 8, mstari ule ule, bei ile ile. Nafuta hata ile nyota moja. Ankara tumeirudisha, na vichupa vitakuja kwa njia nyingine.