Shokapu za gari la rimoti la kupanda mawe: kipi ununue kwanza ukiwa Unguja au Pemba

Gari la rimoti la kupanda mawe likipinduka kila kukicha, wengi hukimbilia kuagiza shokapu mpya, tena zile za rangi za kung'aa. Mara nyingi chupa moja ya oili na seti ya springi zingemaliza tatizo, na pesa ya tairi ingebaki. Ndiyo maana orodha hii inaanza na kitu cha bei ndogo kabisa na kuishia na kile tunachoshauri usikinunue. Tumeipanga kwa kuangalia mazingira yetu: matumbawe makali ya uwandani, kuanzia Jambiani na Makunduchi hadi mashariki ya Pemba, pamoja na mchanga laini na chumvi ya bahari. Mashindano ya viwanja vya ndani Marekani ni habari nyingine.

Tukisema gari tunamaanisha hasa ya kipimo cha 1/10 (yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi), kama Traxxas TRX-4 na Axial SCX10. Madogo tumeyawekea sehemu yake huko chini.

Pima kabla ya kulipa

Fungua shokapu moja, ivute hadi mwisho, kisha pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Andika kwa milimita. Sasa ibane hadi mwisho na upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mwendo wake. Pima na upana wa vichwa (ncha zenye matundu ya kufungia) pamoja na skurubu zake (nyingi ni M3, yaani unene wa milimita 3). Muuzaji akiandika "inaingia magari yote ya 1/10" bila kutaja milimita, mpite.

Kipimo kingine ni mnyweo, yaani gari linavyokaa kwa uzito wake lenyewe. Weka betri na bodi juu yake, linyanyue hadi tairi zikaribie kuachia meza, pima kutoka ekseli hadi chesisi, kisha liachie litulie na upime tena. Kwa kupanda mawe tunataka linywee theluthi hadi nusu ya mwendo. Kama shokapu ina mwendo wa milimita 30, basi milimita 10 hadi 15. Gari lisilonywea kabisa haliwezi kuteremsha tairi kwenye shimo la jiwe. Tairi huning'inia hewani, na gari linabaki limesimama kwa magurudumu matatu.

Namba 1: oili ya silikoni na oringi mpya (pete za mpira zinazozuia oili isivuje)

Hakuna kitu kinachozidi hiki kwa thamani. Shokapu moja ya 1/10 hunywa mililita chache tu, kwa hiyo chupa ya mililita 60 hujaza seti nzima zaidi ya mara moja.

Nunua kwa kuangalia cSt (kipimo cha uzito wa oili, yaani inavyochelewa kutiririka), usiangalie "wt" peke yake, kwa sababu kila kampuni ina wt yake. Kwa Team Associated, 30wt ni cSt 350 na 40wt ni cSt 500. Chupa ya kampuni nyingine yenye 30wt inaweza kuwa tofauti. Kwa gari la kawaida anza na 350. Kipimo cha cSt kwa kawaida hutolewa kwa joto la nyuzi 25, na mchana wa kaskazi hapa unapita nyuzi 30, tena shokapu nyeusi ikiwa juani huwa na moto zaidi ya hewa. Ukiona gari linayumba baada ya kuteremka jiwe, panda hadi 400 au 450. Ukiona tairi inachelewa kurudi chini baada ya kuinuka, shuka.

Usitie oili ya injini wala ya breki. Mipira mingine huvimba, rodi (fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye silinda) inakwama, na oili ya injini hupungua uzito haraka kwa joto kuliko ya silikoni.

Kujaza ndiko kunakoharibika. Ivute rodi hadi chini, jaza silinda karibu na ukingo, kisha isukume pistoni polepole juu na chini bila kuitoa kwenye oili. Utaona mapovu madogo yanatoka kwenye matundu ya pistoni. Simamisha shokapu wima dakika 5 hadi 10 mpaka yaishe. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Ongeza oili, weka kofia kwa nusu ya kukaza, sukuma rodi hadi juu kabisa ili oili ya ziada ichuruzike pembeni, ndipo ukaze. Rodi inapoingia ndani inachukua nafasi. Ukifunga silinda ikiwa imejaa huku rodi ikiwa chini, haitaingia yote, au itasukuma oili nje kupitia oringi. Ukimaliza, ilaze shokapu karibu na sikio na uibane. Ikigugumia, ina hewa. Rudia.

Namba 2: springi laini

Springi nyingi zinazokuja na gari ni ngumu, kwa sababu kiwanda kinamfikiria na mtoto atakayerusha gari kwenye vilima vya mchanga. Nunua seti yenye ugumu wa aina tatu, urefu uleule na kipenyo kilekile cha ndani. Rangi haina maana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Linganisha kwa mizani ya jikoni: simamisha springi juu yake, ibane milimita 10 kwa rula, soma gramu. Ukishazipima zote huna haja ya kumuuliza muuzaji.

Mbele weka laini, nyuma ngumu kidogo. Kwenye mpando uzito hurudi nyuma. Nyuma ikizama sana, pua inapanda na gari linalala chali. Kama chesisi inalalia upande mmoja kila ukiongeza kasi, hiyo ni nguvu ya mota inayopita kwenye shafti na kuisokota chesisi. Ongeza kibano cha milimita 1 au 2 kwenye springi ya nyuma ya upande unaozama, upande mmoja tu. Oili nzito haitatibu ulalo huu, itauchelewesha tu.

Namba 3: shokapu za oili zenye silinda ya plastiki, kofia na rodi nzuri

Hapa tunatofautiana na wengi wanaosifu aluminiamu. Plastiki ngumu haishikwi na chumvi, ni nyepesi juu ya gari, na ikikwaruzwa na tumbawe haijali. La kukagua ni rodi: iwe laini kama kioo, ya chuma kilichopakwa au kisichoshika kutu, unene wa milimita 3 kwa nyingi za 1/10. Mchanga wetu wa matumbawe ukinasa kwenye rodi unachora mstari, na mstari huo ndio njia ya oili kutoka. Hakikisha oringi na rodi za modeli hiyo zinauzwa peke yake. Zisipouzwa, ukipata mchubuko mmoja umenunua shokapu nzima.

Namba 4: aluminiamu yenye uzi wa kurekebisha springi

Ni nzuri kweli, na shokapu za GTS zinazokuja na TRX-4 zina silinda za aluminiamu. Kola ya uzi, yaani pete inayozungushwa juu ya silinda kubana springi, inakuwezesha kubadili urefu kidogo kidogo badala ya kubahatisha kwa vipande vya plastiki. Tatizo ni bahari. Skurubu ya chuma ndani ya aluminiamu, kukiwa na maji ya chumvi, huungana nayo kwa kutu nyeupe, na siku ya kufungua unakata kichwa cha skurubu. Ukizinunua, fungua kila skurubu ikiwa mpya, tia grisi kwenye uzi, rudisha. Ukitoka ufukweni, suuza kwa maji baridi ya bomba na uzifute kabla hazijakauka. Asiyeweza kufanya hivyo kila mara abaki na namba 3.

Namba 5: zenye springi ndani ya silinda

Zinavutia kwa macho, zinafanana na za gari kubwa, na kwa gari la maonyesho hazina neno. Nyingi za bei ya chini hazina oili, au huvuja mapema. Kubadili springi ni kufungua kila kitu. Kwa mawe tunaziweka karibu na mwisho.

Usinunue: zile ndefu kupita kiasi

Kutoka milimita 90 kwenda 110 au 120 bila kubadili kitu kingine ni kuliinua gari lote. Kwenye mteremko wa ubavuni linaanguka mapema zaidi, shafti inakaa kwa pembe kali inasaga au inachomoka kwenye maungio yake, na fito za ekseli zinagusa chesisi. Chupa za bandia (za kuiga tangi la oili) zilizobandikwa pembeni ya shokapu nazo ni mzigo wa juu usio na kazi. Zikinasa kwenye jiwe, zinang'oka na kofia yake.

Magari madogo

Shokapu za Axial SCX24 (1/24) zinazotoka kiwandani hazina oili, ni springi na msuguano. Kwa hili, springi laini ndiyo ya kwanza, na springi ya kalamu ya wino iliyokatwa vizuri hufaa kwa majaribio kabla ya kuagiza. Traxxas TRX-4M (1/18) ina shokapu za oili tangu dukani, lakini ni ndogo mno: jaza kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, maana chupa itamwaga zaidi ya kujaza.

Kuagiza

Spea hizi hazikai kwenye maduka ya kawaida, kwa hiyo mzigo utapita Dar es Salaam na boti, au posta. Uliza mapema ushuru na nauli. Kwa seti ndogo ya springi, gharama hizo zinaweza kuzidi bei ya bidhaa yenyewe, na ndiyo sababu ya kuagiza pamoja na wenzako. Chupa ya oili ifungwe kwenye mfuko wake wa plastiki. Kwenye oda hiyo hiyo ongeza rodi mbili za akiba, oringi nane, vichwa vinne vya chini vya shokapu (hivi ndivyo tumbawe huvunja kwanza) na pakiti ya skurubu za M3 zisizoshika kutu, urefu uliokwisha kuupima.