Toyota Probox ya gia: inafaa kujifunzia?

Inafaa, tena kuliko magari mengi yanayotembea na kibao cha L, mradi klachi haijamalizwa na wanafunzi waliotangulia. Tunazungumzia Probox ya kwanza, iliyoundwa kati ya 2002 na 2014, yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 na gia tano za kubadilisha kwa mkono. Toleo lililofuata ni la otomatiki tupu. Ukijifunzia hilo hapa Kenya, unaandaliwa kwa daraja la B1, na leseni hiyo haikuruhusu kugusa gari la gia. Anayetaka gia aombe B2.

Sifa yake kubwa ni injini kuvuta vizuri ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Mahali tambarare, weka gia ya kwanza, usiguse pedali ya mafuta kabisa, achia klachi polepole: gari litaanza kujongea lenyewe. Zoezi hili lirudiwe mpaka mguu wa kushoto ujue pale klachi inaposhika, kabla ya kuingia barabarani. Wanaoruka hatua hii ndio wanaozima gari kwenye mzunguko wa barabara wakipigiwa honi na matatu. Wengi hudhani wamezima kwa kutokanyaga mafuta, kumbe wameachia klachi kwa kishindo.

Probox nyingi hazina saa ya mizunguko ya injini. Tunaihesabu kuwa faida, kwa kuwa inakulazimu kusikiliza. Gia ya pili iingie gari likifika kati ya kilomita 15 na 20 kwa saa, ya tatu kwenye 30 hivi, ya nne karibu na 50, ya tano baada ya 60. Gari likitetemeka, gia iko juu mno. Injini ikilia, umechelewa kupandisha. Rivasi iko kulia chini, nyuma ya gia ya tano. Ikisaga, shikilia klachi chini sekunde tatu ndipo ujaribu tena. Usiilazimishe, maana meno ndiyo yanayoliwa.

Kilima ndicho kipimo cha kweli. Vuta handibreki, kanyaga klachi, weka gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, kisha pandisha klachi mpaka sauti ya injini izame na pua ya gari inyanyuke. Tuliza mguu hapo hapo, ndipo ushushe handibreki. Hapa Probox ina mtego: ni gari jepesi la mizigo, na mwenendo wake hubadilika sana likibeba watu. Mwanafunzi aliyezoea kupanda akiwa na mwalimu tu atarudi nyuma siku ya mtihani, mtahini akiwa mbele na watahiniwa wengine wamejaa kiti cha nyuma. Mafuta yaliyotosha jana leo hayatoshi. Angalau somo moja la kilima lifanywe gari likiwa limejaa.

Kurudi nyuma ni rahisi kwa sababu vioo ni vikubwa na mgongo wa gari umekatwa wima, kwa hiyo unaona mwisho wake. Likiwa tupu linarukaruka kwenye matuta, lakini hilo halimwangushi mtu mtihani.

Kinachoangusha ni klachi mbovu. Kabla ya kulipa karo, omba kulijaribu gari. Likiwa limesimama tambarare, handibreki juu na mguu kwenye breki, weka gia ya tatu na uachie klachi taratibu: injini inapaswa kuzima mara moja. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Angalia pia pedali za mwalimu. Zikiwa zimefungwa vibaya, klachi yako itakuwa nzito au itashika mwisho kabisa wa pedali, nawe utazoea mahali ambapo gari lingine halitakuwa napo. Kwa sababu hiyo hiyo, dai kufanyia mtihani gari lile lile ulilojifunzia.

Ubora wa gari haukusaidii kwenye ubao wa mji wa mfano, ambao nao ni sehemu ya mtihani. Pale unasogeza kigari kidogo ukieleza njia: leni ya kushoto, ya kulia, nani mwenye haki kwenye mzunguko. Watahiniwa hodari wa usukani huondolewa hapo, kabla hata ya kuketi nyuma ya usukani. Fanya ubao kila siku ya somo, usiuachie wiki ya mwisho.

Kwa anayefikiria kununua lake la mazoezi: Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane, hivyo Probox ya gia utaipata kwa aliyeitumia hapa tu, na mara nyingi ilishabeba miraa, maziwa au abiria kupita kiasi. Tenga bajeti ya seti nzima ya klachi, yaani sahani, kava na beringi yake, kwa pamoja. Kubadilisha sahani peke yake ni kulipa fundi mara mbili.