Laptopu ya gemu nzito Kampala: tazama kadi kwanza

Laptopu yangu ya kwanza "ya gemu" niliinunua kwenye jengo moja la maduka katikati ya Kampala, kisa vitufe vyake vilikuwa vinawaka taa na kibandiko kilisema prosesa ni Core i7. "Ssebo, hii inacheza kila kitu," muuzaji akaniapia. Ilicheza karata. Haikuwa na kadi ya grafiki ya kujitegemea, na i7 peke yake haiibebi gemu nzito kama Cyberpunk 2077.

Siku hizi sitoi hela kabla ya kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda Performance, shuka hadi GPU, yaani kadi ya grafiki. Ukikuta Intel UHD pekee, yaani grafiki iliyomo ndani ya prosesa, mrudishie mwenyewe mashine yake. Ukikuta NVIDIA, soma Dedicated GPU memory: GB 4 zinabana, 6 zinatosha ukikubali kushusha ubora wa picha, 8 ndiyo raha.

Kuna na mtego wa wati. Kadi ya NVIDIA iitwayo RTX 4060 ya laptopu huweza kuwekewa wati 35 au 115, kadiri mtengenezaji alivyopenda, na jina kwenye kibandiko ni lilelile. Zile nyembamba za kupendeza mara nyingi ndizo zilizonyimwa. Mimi huomba chaja kwanza: ikiwa nzito kama tofali na imeandikwa wati 230, napata moyo.

Namba moja kwangu ni Lenovo LOQ mpya yenye RTX 4060. GB 8 za kadi, na joto linatokea nyuma badala ya kukuchoma mkono wa kipanya.

Ya pili, Legion 5 ya mtumba yenye RTX 3060. Mfuko ukibana, hii naipenda kuliko mpya nyingi. Kasoro huwa kwenye betri: andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ufungue ripoti itakayoundwa, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki. Ukiwa chini ya nusu, bei ishuke. Ila usidanganyike, hata betri nzima haichezeshi gemu nzito. Umeme ukikatika kadi hupunguziwa nguvu na picha zinaanza kukwama. Hapo ni kuhifadhi ulipofika na kuzima. Mwenye inverta ahakikishe inazimudu wati za chaja.

Ya tatu, Acer Nitro V au HP Victus yenye RTX 4050, GB 6. Nitro V ina kioo chenye rangi zilizofifia, basi iwashe uione mwenyewe.

Mwisho kabisa, chochote chenye kadi ya GTX 1650. Gemu nyepesi kama Valorant itakwenda vizuri. Gemu nzito, sahau.

RAM iwe GB 16, tena vipande viwili. Kipande kimoja hupunguza kasi. Diski ya GB 512 hujaa upesi, maana gemu ya Red Dead Redemption 2 peke yake inataka GB 150. Usiipakue kwa bando la simu! Nenda kwa rafiki mwenye Wi-Fi aliye nayo tayari, Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, itainakili kutoka mashine yake hadi yako.

Ya mtumba ichezeshe dakika ishirini dukani, chaja ikiwa imechomekwa. Vumbi letu jekundu likishajaa kwenye feni, itaanza kukwama kabla hujamaliza. Muuzaji akikataa kuchomeka, panda ghorofa ya juu. Na huko wanauza laptopu.